Sala ya Kupimia Mwali

Watu wa Emali wakitaka kibao cha jina la nyumba, ngao ya mashindano ya shule au herufi za kupamba ukuta wa kanisa, huelekezwa barabara ya Loitokitok, kwenye safu ya maduka iliyo nyuma ya mahali malori hupumzikia. Huko kuna duka la mlango wa buluu, na ndani yake mashine ndefu kama friza ya buchari, yenye kifuniko cheusi. Anayeitumia ni Kasiva, ambaye wateja humwita Mama Jonah. Ni mwembamba, hasemi sana, na anapokukabidhi kazi yako huishika kwa mikono miwili kama anayekupa mtoto.

Mashine hiyo hukata mbao na plastiki kwa mwali wa leza. Mwali wenyewe hauonekani. Unatoka kwenye tyubu ndefu ya kioo iliyolala upande wa nyuma, unagonga vioo vitatu vidogo, kisha unateremka kupitia lenzi iliyo sawa na kifungo cha koti. Pale unapogusa ubao panatoka moshi kidogo na mstari mwembamba kuliko uzi. Musyimi, mumewe Kasiva, alizoea kuwaambia wageni kwamba hilo ni jua la Emali lililofundishwa adabu.

Kasiva hakuingia katika kazi hii kwa kupenda mashine. Alizaliwa Mutomo, akamaliza kidato cha nne, na kwa miaka mingi alichapa barua za watu katika duka la kompyuta karibu na stesheni. Musyimi alikuwa fundi wa simu. Alipoinunua leza, kazi yake ya kwanza ilikuwa ngao ya kwaya, nayo ilitoka na maneno "Kwaya Bola ya Mwaka". Kikamba hakina herufi ya r, na Musyimi aliandika kama ulimi wake ulivyomwambia. Wanakwaya walicheka hadi wakakaa chini. Mwalimu wao hakucheka. Jioni hiyo Musyimi alisukuma sahani kando, akamtazama mkewe.

"Mama Jonah, wacha kuchapia watu wengine barua. Njoo unisomee kabla sijachoma."

"Na mshahara?"

"Utakula na mwenye duka meza moja."

Basi Kasiva akaja. Yeye alipanga herufi kwenye kompyuta na kuzisoma mara mbili, Musyimi akashughulika na mashine. Waligawana hivyo na hawakuingiliana. Ndiyo maana, ingawa alikaa karibu na mashine hiyo miaka yote, kulikuwa na mambo ambayo Kasiva aliyajua kwa macho na masikio tu, bila kuuliza sababu.

Mojawapo ni upimaji wa mwali. Tyubu ya leza huchoka polepole kama betri ya tochi, na mwenye busara huipima kila mwezi ili ajue imebakiza nguvu kiasi gani. Musyimi alikuwa na kipimo cha kazi hiyo. Kilikuwa kama mwiko mzito wa chuma, uso mmoja mweusi, na upande wa pili kimewekwa saa ndogo yenye mshale. Alikitumbukiza kwanza kwenye ndoo ya maji kipoe, akakifuta kikauke, akakisimamisha kwenye kishikizo cha mbao mbele ya mdomo wa tyubu, uso mweusi ukiutazama mwali. Halafu alibonyeza kitufe cha kujaribia na kukishikilia. Chuma kilipata joto, na mshale ukapanda. Mwali ukiwa na nguvu, mshale ulipanda hadi kwenye alama nyekundu ambayo Musyimi aliichora kwa rangi ya kucha ya binti yake Wavinya, siku zile mashine ilipokuwa bado mpya. Ukiwa dhaifu, mshale ungeishia chini ya alama.

Na wakati wote kidole chake kilipokuwa kwenye kitufe, Musyimi aliomba. Aliomba kwa sauti, bila haraka, jicho moja kwenye tyubu na jingine kwenye bomba la maji ya kuipoza. Sala yenyewe haikubadilika hata neno, na ilianza na mama yake, Mwaitu kwa Kikamba. Kasiva aliisikia mara nyingi hata akaijua kama jina lake.

"Bwana, mlinde Mwaitu Kavindu kule Kanyangi, umpe magoti yasiyouma na mvua ya kutosha. Mlinde Kasiva, umpe subira ya kukaa na mimi. Mlinde Wavinya chuoni na Jonah shuleni, wasisahau walikotoka. Na mimi mtumishi wako Musyimi, mwana wa Nzomo, unipe mkono usiotetemeka, jicho lisilochoka, na mdomo usioahidi kazi nisiyoweza kumaliza. Amina."

Akisema amina, aliachilia kitufe. Mshale ulitulia kwenye alama, naye akapangusa mikono na kurudi kazini.

"Mbona wewe unajiombea maneno mengi kuliko sisi wote?" Kasiva alimuuliza siku moja.

"Kwa sababu nina shida nyingi kuliko ninyi wote."

Walicheka, na swali likaishia hapo.

Mungu alimchukua Musyimi mvua za Novemba zilipokuwa zinaanza. Alikohoa, akalala, na kabla ya majirani kuzoea kwamba ni mgonjwa walikuwa wakichanga kwa ajili ya mazishi. Walimzika Kanyangi, kando ya Nzomo baba yake, udongo ukiwa bado laini kwa mvua. Kanisa lilikuja lote. Mchungaji alisema maneno machache na ya upole, kwamba Musyimi yuko mikononi mwa Bwana wake na hahitaji tena kitu kutoka kwao, bali wao waliobaki ndio wa kuombewa. Kasiva aliyashika maneno hayo, na yalimsaidia kulala.

Siku ya kurudi Emali, mama mkwe wake alitoka nyumbani na begi mkononi.

"Mwaitu, unaenda wapi?" Kasiva aliuliza.

"Naenda na wewe. Utakula na nani?"

Tangu siku hiyo Kavindu na Kasiva wanakaa pamoja.

Duka lilikuwa limejaa vumbi la malori. Kasiva aliipangusa mashine yote, akafungua hata lenzi, akaisafisha kwa pamba na kuirudisha mahali pake, machozi yakimtoka bila yeye kuyashughulikia. Kisha akatafuta kazi ya kwanza. Hakuhitaji kutafuta mbali. Kanisa moja dogo la Mutomo lilikuwa limeagiza herufi za mbao za kubandika juu ya madhabahu, na Musyimi, kwa mdomo wake ule, alikuwa amewaahidi kabla hajaugua. Walikuwa wamengoja bila kunung'unika. Kasiva alipanga herufi, akazisoma mara mbili, akaweka plaiwudi, akafunga kifuniko na kuanza.

Mwali ulichora lakini haukukata. Alipoinua ubao na kuugeuza, upande wa chini ulikuwa mzima, bila hata mstari. Alipunguza mwendo, ubao ukaungua kingo na bado haukuachia. Akarudia na ubao mwingine, ikawa vilevile.

Hapo ndipo alipokitoa kipimo. Alifanya kila kitu kama alivyomwona Musyimi akifanya: ndoo, kitambaa, kishikizo, kitufe. Akaomba. Mwaitu Kavindu hakuwa tena Kanyangi, kwa hiyo akasema "hapa Emali". Akajitaja mwenyewe, akabakiza neno la subira peke yake. Akawataja Wavinya na Jonah. Alipofika pahali pa Musyimi ulimi wake ulisimama. Katika kanisa lao hawamwombei aliyekufa, na hata kama wangemwombea, angemwombea nini? Mkono usiotetemeka? Akasema amina, akaachilia kitufe.

Mshale ulisimama chini ya alama nyekundu. Si chini sana, lakini macho yaliona wazi.

Alipima tena siku iliyofuata, na tena siku nyingine. Kila mara sala ilikuwa ileile na mshale ulisimama pale pale, chini ya alama. Jambo hilo lilimfanya aamini zaidi. Kipimo kinachosema neno lilelile kila siku hakiwezi kuwa kinakosea. Tyubu ilikuwa imechoka. Na tyubu mpya haikuwa kitu ambacho mjane mwenye mtoto shuleni na mwingine chuoni angeweza kukifikiria mwaka huo.

Kwa hiyo kulikuwa na njia moja, kuuza mashine kabla haijafa kabisa. Kasiva aliipima njia hiyo moyoni. Duka la kompyuta alikochapa barua lilikuwa limefungwa, siku hizi watu huchapa barua zao kwenye simu. Angerudi Mutomo kwa kaka zake au angekwenda Kanyangi kulima. Hayo angeyaweza. Lililomwelemea ni jingine. Nyumbani nguo za Musyimi zilikuwa zimegawiwa, na viatu vyake alivaa Jonah. Hapa dukani peke yake ndipo alipoweza kunyoosha mkono akakuta kitu kimekaa vile Musyimi alivyokiacha.

Alipokuwa akiyawaza haya, Ahmednur aliingia. Ahmednur ndiye jirani mwenye duka la mbao na plaiwudi, mzaliwa wa Garissa, na amekaa Emali muda mrefu hata anajua kukataa bei kwa Kikamba. Aliokota ubao ulioharibika, akaugeuza.

"Mama Jonah, ubao wangu umekukosea nini?"

"Ubao hauna kosa. Ni tyubu."

"Umepima?"

"Nimepima hadi nimechoka."

Ahmednur aliuweka ubao mezani taratibu. "Musyimi, Mungu amrehemu, angeijua kwa kunusa. Mimi humwombea kila siku, unajua? Baada ya swala namtaja."

"Asante. Sisi kwetu hatumwombei aliyelala. Tunawaombea waliobaki."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Yeye amefika. Hana shida tena."

"Basi nitamwombea mimi, mpende msipende." Akatabasamu. "Ingawa alinisumbua, huyo. Kibao cha duka langu alikiahidi Ramadhani moja, nikakipata Ramadhani ya pili. Nikamuuliza, Musyimi, mwezi umeandama mara ngapi? Akaniambia, Ahmednur, uzuri haukimbizwi."

Kasiva alicheka kwa pua. Akamwambia alilokuwa nalo, kwamba anafikiria kuiuza mashine.

Ahmednur aliipapasa mashine kwa kiganja. Alikuwa na mpwa wake Wajir aliyetaka kuanza kazi kama hiyo, na alimjua mtu wa kuwapatia tyubu. "Mimi sipendi kununua kitu cha mjane kikiwa bado na joto la mwenyewe," alisema. "Lakini kama unauza kweli, usimpe mtu wa kutoka mbali, atakupunja. Nipe mimi, na tusemezane mbele ya Mama Mzee Kavindu."

"Njoo kesho baada ya swala ya adhuhuri. Nitakuwa na jibu."

"Inshallah."

Asubuhi ya siku hiyo ya jibu, Kasiva alifungua duka mapema. Alitaka kupima kwa mara ya mwisho, ili akimwambia Ahmednur neno, liwe neno lisilo na shaka ndani yake. Mama mkwe wake alikuja naye, kwa sababu nyumbani kulikuwa na joto na dukani kuna kivuli. Kavindu aliketi mlangoni, ungo magotini, akichambua mbaazi. Magari yalipita, upepo ukaleta harufu ya dizeli na ya mihogo ya kukaangwa.

Kasiva alitumbukiza kipimo kwenye ndoo, akakifuta, akakisimamisha kwenye kishikizo. Akabonyeza kitufe. Akamwomba Mungu amlinde Mwaitu Kavindu hapa Emali, magoti yake na mvua yake. Akajiombea subira. Akawaombea watoto wasisahau walikotoka. Amina.

Mshale ulisimama chini ya alama, kama jana, kama juzi.

Mlangoni sauti ya mbaazi zikidondoka kwenye ungo ilikuwa imekoma.

"Umemaliza?" Kavindu aliuliza.

"Nimemaliza, Mwaitu. Ni vilevile."

"Mbona mapema hivyo?"

"Mapema vipi?"

"Nilikuwa nangoja sentensi yake. Nimesikia yangu, nimesikia yako, nimesikia ya watoto. Nikasema, sasa anakuja. Ukasema amina."

Kasiva alivua miwani ya kazi. "Mwaitu, mchungaji alisema tusimwombee. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo, na alisema vizuri. Sikuambii umwombee mwanangu. Yuko mahali pema kuliko nilipo mimi, na huko mtu haponywi magoti, anapewa mapya. Nakuuliza kitu kingine. Ule muda wake umeuweka wapi?"

"Muda gani?"

Kavindu aliuweka ungo chini na kugeuza kiti kikamtazama Kasiva. "Musyimi alipokuwa mdogo nilikuwa nakaanga njugu karanga za kuuza sokoni Kanyangi. Nikienda kuteka maji nilimwachia sufuria. Saa hatukuwa nayo. Nilimwambia, imba ubeti mmoja, geuza. Imba mwingine, geuza. Ukifika mwisho wa wimbo, epua. Njugu za mtoto huyo hazikuungua hata siku moja, ila siku aliyosahau ubeti wa tatu, tukala njugu mbichi. Sasa wewe ukimsikia huyo mtu mzima anaiambia mashine sala isiyobadilika hata neno moja, ulifikiri anafanya nini?"

"Nilifikiri anaomba."

"Alikuwa anaomba. Na alikuwa anageuza njugu."

Kasiva alisimama pale pale, kitambaa mkononi. Jambo alilolisahau lilimrudia lote kwa mara moja. Siku zile mashine ilipokuwa bado mpya, naye Kasiva ndiyo kwanza ameanza kazi dukani, Musyimi alikuwa ameweka simu yake mezani, saa ikikimbia kwenye kioo, naye akisali, akitazama simu, akisali tena. Kila mara alirefusha sentensi yake mwenyewe. Kwanza aliomba mkono usiotetemeka peke yake. Halafu akaongeza jicho. Halafu akaongeza mdomo, akatazama simu, akapiga meza kwa furaha. Kasiva alikuwa akipanga herufi na alidhani mumewe amepata upako.

Alikigeuza kipimo. Mgongoni mwake, karibu na mpini, palikuwa na tarakimu ndogo zilizogongwa kwenye chuma, za muda ambao mwali unapaswa kukigusa. Alikuwa amezipangusa kwa kitambaa kila siku bila kuzisoma, yeye msomaji wa kila herufi.

"Aiya," alisema kwa sauti ndogo. "Mwaitu, mimi nimekuwa nakiondoa kabla hakijaiva."

"Na ukaihukumu sufuria."

Angeweza kuchukua simu saa hiyo na kupima kwa sekunde. Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni. Lakini mkono wake haukwenda mfukoni. Kavindu naye hakumwambia aitoe.

"Siwezi kumwombea," Kasiva alisema.

"Hakuna aliyekwambia umwombee. Kwani kwa Mungu tunaenda kuomba tu? Mtu akikuazima sufuria nzuri, siku anapoichukua humwambii asante?"

Kasiva aliketi kwenye stuli. Wakaanza kuitengeneza sentensi, wawili hao, kama watu wanaopunguza nguo imfae mtu mwingine. Jina lake litabaki. Mwana wa Nzomo itabaki. "Unipe" itakuwa "ulimpa".

"Ulimpa mkono usiotetemeka," Kasiva alianza.

"Kweli."

"Jicho lisilochoka."

"Kweli, hata usiku alinishonea viatu kwa koroboi."

"Na mdomo usioahidi kazi asiyoweza kumaliza."

Kavindu aliinua kidole. "Hapo tusimdanganye Mungu."

Kasiva alimtazama mama mkwe wake, na mama mkwe akamtazama. Alianza Kavindu, mabega yakitikisika bila sauti. Kisha Kasiva akaangua kicheko kilichomfanya ashike ukingo wa mashine. Alicheka akimkumbuka Ahmednur na Ramadhani zake mbili, na watu wa Mutomo wanaongoja herufi hadi leo. Tangu mazishi hakuwa amecheka kwa tumbo. Machozi yalimtoka tena, na safari hii aliyafuta kwa aproni.

"Basi tuseme aliahidi," alisema alipopata pumzi.

"Aliahidi. Hilo Mungu mwenyewe analijua."

Kasiva alitumbukiza kipimo kwenye ndoo, akakiacha hadi kikapoa kabisa, akakifuta, akakirudisha kwenye kishikizo. Akavaa miwani.

"Usiivute," Kavindu alimwonya. "Iseme kama yeye. Si haraka, si kama mazishini."

Akabonyeza kitufe. Tyubu ikawaka ndani kwa ile rangi yake ya waridi, maji yakipita juu yake bila povu. "Bwana, mlinde Mwaitu Kavindu hapa Emali, umpe magoti yasiyouma na mvua ya kutosha. Mlinde Kasiva, umpe subira. Mlinde Wavinya chuoni na Jonah shuleni, wasisahau walikotoka. Na kwa mtumishi wako Musyimi, mwana wa Nzomo, tunakushukuru. Ulimpa mkono usiotetemeka, jicho lisilochoka, na mdomo ulioahidi kazi tutakazozimaliza sisi. Amina."

"Amina," akaitikia Kavindu.

Mshale ulipanda, ukapita mahali uliposimama siku zote hizo, ukaenda polepole, ukatulia. Kasiva aliinama akauangalia kwa karibu. Ulikuwa umelala juu ya rangi ya kucha ya Wavinya, ukiuficha mstari mwekundu wote.

Hapo ndipo alipoitoa simu, akakipoza kipimo, akapima tena kwa sekunde zilizoandikwa mgongoni mwake. Mshale ulirudi pale pale. Tyubu ilikuwa nzima kama siku aliyoiacha Musyimi.

Sasa akili yake ilikuwa imefunguka. Ikiwa mwali unatoka mdomoni mwa tyubu na nguvu zake zote, na ukifika kwenye ubao hauna nguvu, basi unapotelea njiani. Akaifuata njia. Kioo cha kwanza kilikuwa safi. Cha pili kilikuwa safi. Cha tatu kilikuwa na moshi kidogo pembeni, akaupangusa. Akafungua lenzi, akaiweka kwenye kiganja, akaielekeza dirishani. Lenzi hiyo ina upande ulionenepa kidogo kama tumbo na upande uliolala sawa. Musyimi aliiweka tumbo juu, kuelekea mwali unakotoka. Kasiva alikumbuka vizuri, kwa sababu mumewe alizoea kusema inalala chali kama yeye akishiba. Na hii aliyoitoa sasa ilikuwa imelala kifudifudi. Mwali ulikuwa ukifika kwenye ubao umetawanyika, badala ya kukusanyika pamoja.

Ni yeye aliyeiweka hivyo, siku ile ya kurudi kutoka Kanyangi, akiwa haoni vizuri. Hakujilaumu. Aliigeuza tu, akaikaza.

Akachukua kipande cha plaiwudi, akaiagiza mashine ikate herufi ya kwanza ya watu wa Mutomo. Kichwa cha mashine kilizunguka kikitoa mlio wake mwembamba, moshi ukavutwa na feni. Kilipomaliza, kabla Kasiva hajafungua kifuniko, walisikia sauti ndogo, tak. Herufi ilikuwa imejiachia yenyewe na kuangukia kwenye trei.

Kavindu aliinuka, magoti yakilalamika, akaja kuangalia. Akaichukua herufi, akaigeuza upande wa chini, akapitisha kidole kwenye ukingo wake wa kahawia.

"Nesa," alisema. Yaani ni vizuri. Akarudi kwenye mbaazi zake.

Jua lilipopita katikati Ahmednur alikuja, kofia kichwani, ametoka msikitini. Aliwakuta wanawake wawili wakiwa wametulia kama watu waliomaliza kula, na herufi zimejaa mezani. Aliokota moja, akaichungulia, akaelewa kabla hajaambiwa.

"Kumbe mashine imefufuka."

"Haikuwa imekufa," Kasiva alisema. "Mimi ndiye nilikuwa nakatiza maneno." Akamweleza yote, sala, njugu na lenzi iliyolala kifudifudi. Ahmednur alisikiliza akiwa ameegemea mlango, na masimulizi yalipofika kwenye mdomo ulioahidi alipiga paja lake.

"Kwa hiyo huuzi."

"Siuzi. Mwambie mpwa wako akija Emali aje nimfundishe. Lakini atajifunza kwanza kusoma herufi."

"Alhamdulillahi. Nilikuwa nimeanza kufikiria nitamuuzia nani plaiwudi." Akaitazama mashine. "Hebu uniambie. Katika hiyo sala yenu mmemtaja mama, mmetaja watoto, hata magoti yametajwa. Mimi jirani wa ukuta mmoja, aliyengoja kibao Ramadhani mbili, simo?"

Kasiva alifikiri. "Nikikuongeza wewe, mshale utapita alama. Nitadhani nina leza mpya."

"Basi punguza kwa wengine. Kata kwa Jonah, bado ni kijana."

"Hakuna anayekatwa hapo," Kavindu alisema kutoka mlangoni, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. "Wewe tutakuweka kwenye maombi ya jioni, mwanangu. Hayo hayapimi kitu, utakaa upendavyo."